Bayoteknolojia kwa vitendo sekondari: mwongozo kwa walimu wa Mwanza na kando ya ziwa

Mwalimu mwenzangu, usisubiri mashine ya PCR, ile ya kutoa nakala nyingi za DNA (kemikali inayobeba taarifa za urithi). Kinachomwandaa kijana kwa kazi ya maabara ni mkono unaopima vizuri na daftari linaloaminika. Mashine ataikuta kazini na wenyeji watamwelekeza, lakini asiyejua kupima wala kuandika alichokifanya ni mzigo kwa kila maabara itakayompokea. Ndiyo maana naanzia huko.

Hatua ya 1: Daftari

Kila mwanafunzi awe na daftari gumu la kwake, kurasa zikiwa zimepewa namba. Anaandika kwa peni, tarehe juu. Akikosea, anakata kwa mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke. Hakuna kuchana ukurasa wala kunakili kwa jirani.

Waeleze sababu kwa mfano wa hapa nyumbani. Kati ya 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa awamu: mara salmonella, mara kipindupindu, mara hofu ya viuatilifu. Soko halikurudi kwa maneno matupu. Ilibidi ukaguzi uimarishwe na vipimo vya maabara viwe vimeandikwa. Mtoto ambaye mzazi wake anaishi kwa sangara ataelewa haraka kwa nini namba iliyoandikwa ovyo inaweza kumnyima mtu riziki.

Hatua ya 2: Mkono

Nunua duka la dawa siringi za mililita 1, bila sindano. Mwanafunzi avute mililita 0.5 za maji na kuzidondosha kwenye kikombe kilicho juu ya mzani wa kidijitali, mara kumi. Mililita moja ya maji ina gramu moja, kwa hiyo atarajie gramu 5. Wengi watapata pungufu, na ukichungulia siringi utaona kiputo cha hewa kimekaa karibu na mpira. Rudieni hadi tofauti iwe ndogo, na kila jaribio liandikwe, hata lililoharibika.

Hatua ya 3: Kutoa DNA kwenye ndizi

Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Tenga vipindi viwili vilivyoungana.

Andaa mililita 90 za maji, mililita 10 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga taratibu lisitoke povu. Ponda nusu ya ndizi mbivu ndani ya mfuko wa plastiki hadi mabonge yaishe, mimina ule mchanganyiko, sugua kwa vidole dakika chache, kisha chuja kwa kitambaa safi. Weka mililita 5 za maji yaliyochujwa kwenye testi tyubu.

Sasa unahitaji ethanoli ya asilimia 95 iliyo baridi sana. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa hutoa nyuzi chache za DNA. Huna friji? Chukua barafu wanayowekea samaki kule soko la samaki la Mwaloni, ivunje, ichanganye na chumvi, zamisha chupa ya ethanoli humo. Chumvi huishusha barafu chini ya nyuzijoto sifuri. Zima moto wote chumbani kabla ya kufungua chupa.

Inamisha testi tyubu, mimina mililita 10 za ethanoli zitelemke ukutani polepole, ikae juu kama tabaka. Usitikise. Baada ya dakika moja au mbili, pale tabaka mbili zinapokutana, utaona vipovu vidogo vikipanda huku vimebeba nyuzi nyeupe. Zungusha kijiti cha meno pale pale na zitajiviringisha. Darasa litasema ni makamasi. Waache waseme, kisha uliza: kila kiungo kimefanya kazi gani?

Sabuni imevunja kuta za mafuta zinazozunguka seli na kiini. Chumvi imetuliza chaji hasi za DNA ili nyuzi zishikane. DNA haiyeyuki kwenye ethanoli, ndiyo maana inajitokeza. Lakini wasiamini kwa sababu mwalimu kasema. Kundi moja lifanye bila sabuni, jingine bila chumvi, jingine liongeze matone ya juisi ya nanasi bichi, ambayo ina kimeng'enya cha kuvunja protini. Walinganishe.

Na uwaambie ukweli huu ambao video nyingi huuruka: kilicho kwenye kijiti si DNA tupu. Kina protini na pektini (uteute wa tunda) za ndizi. Ndiyo maana maabara husafisha DNA kabla ya kuipima. Hapo ingiza habari ya mihogo. Magonjwa yake ya batobato na michirizi ya kahawia huenezwa na inzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa, na pingili inaweza kuonekana nzima kumbe ina virusi. Kipimo cha vinasaba huviona virusi hivyo kabla mkulima hajapanda.

Hatua ya 4: Jeli na umeme

Yeyusha gramu 2 za magadi ya kuokea, yaani baking soda ya dukani, kwenye lita moja ya maji. Chemsha gramu 1 ya unga wa agari kwenye mililita 100 za maji hayo, mimina kwenye kopo la plastiki, simamisha kichana kipana ili kiache vishimo. Ikiganda, toa kichana na funika jeli kwa maji yaliyobaki. Rangi za keki zichanganywe na gliserini kidogo ili zizame vishimoni. Unganisha betri 5 za volti 9 kwa mfululizo na nyaya za chuma kisichoshika kutu, upande huu na ule. Hakuna mkono majini betri zikiwa zimeunganishwa, na usiweke chumvi ya mezani badala ya magadi, maana itatoa gesi ya klorini.

Baada ya nusu saa rangi ya kijani mara nyingi hugawanyika kuwa njano na bluu. DNA nayo husafiri hivyo hivyo, kuelekea upande chanya wa betri, vipande vifupi vikitangulia.

Hatua ya 5: Tusichofanya

Hatukuzi vijidudu vya maji ya ziwa. Vinaweza kuwemo vya kipindupindu, na darasa si mahali pake. Hamira na mtindi vinatosha. Wala wanafunzi wasiingie ufukweni kuchota sampuli bila buti na glavu, kwa sababu ya kichocho.

Hatua ya 6: Ziara na njia za masomo

Barua ipite kwa mkuu wa shule, mapema. Mwanza tumejaliwa: maabara ya taifa ya ubora wa samaki Nyegezi, NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), hospitali ya Bugando, TARI Ukiriguru (taasisi ya utafiti wa kilimo) kule Misungwi. Omba wanafunzi wakutane na fundi sanifu wa maabara pia, si daktari peke yake, wamwone akijaza fomu za siku yake.

Wa kidato cha sita waonyeshe shahada ya Baiolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile ya Bayoteknolojia na Sayansi za Maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na Sayansi za Maabara ya Tiba hapo CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Bugando. Wa kidato cha nne wasiachwe nyuma: zipo stashahada za maabara za afya, na FETA Nyegezi, chuo cha uvuvi, inafundisha mambo ya samaki. Sifa za kujiunga zisomwe kwenye miongozo ya TCU (tume ya vyuo vikuu) na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) ya mwaka huo huo, maana hubadilika. Na anayekwenda kuomba nafasi ya kujitolea abebe daftari lake la maabara pamoja na vyeti.