Kuchagua jiko litakalowafikisha vifaranga alfajiri

"Mama, sufuria namba ngapi?"

Kila fundi wa majiko niliyemfuata hapa Newala huanza na swali hilo, wala hakosei, maana jiko hupimwa kwa sufuria. Mimi sina sufuria. Nina vifaranga 200 wanaoshuka kwenye basi la Dar wakiwa ndani ya maboksi yenye matundu, nina chumba cha mita tatu kwa tatu, na ni mwezi wa sita. Nikamjibu, "Babu, nataka jiko la kulala. Nilijaze saa nne usiku, nilikute hai saa kumi na moja."

Mzee akacheka. "Kumbe unatafuta mlinzi."

Walioko Mtwara mjini wataona nadeka. Kusini na baridi wapi na wapi? Lakini huku juu ya uwanda wa Makonde, kusi ikishaanza kuvuma, ukungu hupanda kutoka Shimo la Mungu, lile korongo la ukingoni mwa uwanda, na bonde la Ruvuma, na alfajiri kipimajoto nilichotundika ukutani husoma 17 au 18. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale pale alipolala. Hilo ni wiki ya kwanza. Baada ya hapo unapunguza nyuzi mbili tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Jiko ndilo linaloziba pengo hilo, na linaliziba wewe ukiwa umelala. Hata wa pwani asijidanganye: usiku anaouona yeye mtamu kwa shuka moja, kifaranga bado anatetemeka.

Mara ya kwanza nilinunua kwa macho. Nikachukua jiko la bati kubwa, lile la wakaanga chipsi, mdomo mpana kama beseni. Nilijisemea, likiwa kubwa hivi usiku utakatika tu. Saa nne vifaranga walikuwa wamelikimbia, wamejibana ukutani, midomo wazi, mabawa yamelegea. Nikafurahi, nikidhani joto limezidi kidogo litapungua lenyewe. Saa tisa niliamka na kusikia kimya nisichokipenda. Jiko lilikuwa na majivu meupe matupu, na kwenye kona vifaranga walikuwa wamepandana kama maembe kwenye tenga. Wa juu walikuwa hai. Chini nilitoa 31 waliolala bapa.

Lile jiko halikuwa dogo. Lilikuwa na pupa. Lilikula mkaa wote kabla ya saa nane kwa sababu bati jembamba halishiki joto na hewa iliingia kila upande. Tangu hapo, nikienda kuchagua jiko la usiku, mdomo wake ni kitu cha mwisho kutazama.

Ninaanza na mlango wa chini, ule wa kutolea majivu. Huo ndio bomba la hewa, na anayeshika hewa ndiye anayeshika moto. Mlango ufunge mpaka ukae sawa na mwili wa jiko, usiwe kipande cha bati kinachoning'inia kwa waya. Ninaufunga, ninaweka tochi ya simu ndani, kisha ninatazama kwa nje dukani penye kivuli. Kila mstari wa mwanga unaotoka ni hewa itakayoingia usiku. Mstari mmoja mwembamba unavumilika, utauziba kwa udongo uliochanganywa na majivu. Ukiona mwanga umezunguka mlango mzima, rudisha jiko kwa mwenyewe kwa heshima zote. Wauzaji wengine hunicheka kwa tochi yangu. Wacheke.

Halafu unene. Jiko zuri la usiku ni la bati nje na udongo wa kuchoma ndani, na udongo uwe mnene, angalau upana wa vidole viwili. Liinue. Likiwa jepesi kama ndoo tupu, liache. Gonga udongo kwa kifundo cha kidole pande zote: ulio mzima hulia kama chungu kizima, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ufa mdogo leo ukipata moto wiki mbili mfululizo unakuwa mlango wa pili usioweza kuufunga.

Kisha kina. Hapa ndipo watu hubishana nami. Jiko pana lisilo na kina hutandaza mkaa, kila kipande kinapata hewa, moto unakimbia. Jiko lenye kina huweka mkaa juu ya mkaa, wa chini unapata hewa na wa juu unasubiri zamu. Kwa mkaa ule ule, mimi huchukua lenye kina siku zote.

Sasa ukubwa wenyewe. Usiulize sufuria, uliza saa. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa saba. Katika chumba changu, jiko likishafukiwa vizuri kwa majivu, hula kati ya robo kilo na gramu 300 kwa saa. Zidisha kwa kiwango cha juu, unapata kilo mbili na kidogo. Ongeza akiba, ziwe mbili na nusu. Mkaa mgumu wa kilo mbili na nusu hujaza ndoo ya lita 10 mpaka juu. Basi ninakwenda kwa fundi na ndoo yangu ya mkaa, ninaumimina ndani ya jiko. Ukiingia wote bila kuvuka ukingo, na bado kuna vidole vitatu juu kwa ajili ya majivu, jiko linatosha. Majiko mengi ya nyumbani hayabebi hata nusu ya ndoo hiyo, na ndiyo maana yanazima usiku wa manane hata yakiwa ya udongo mzuri.

Namba zangu zisikufunge lakini. Chumba changu ni cha miti na udongo, kinashika joto. Nyumba ya matofali ya saruji yenye bati bila dari itakula zaidi. Na kabla hujaongeza jiko, punguza chumba. Mimi nilishona viroba nikavitandaza kama dari, juu kidogo ya kichwa changu, kisha nikazungushia vifaranga hadibodi kwa duara ili wasipate kona ya kupandania. Mkaa ulipungua kuliko ningebadilisha jiko. Juu ya jiko nimening'iniza karai kuukuu la chuma, shubiri mbili kutoka mdomoni, linarudisha joto chini badala ya kuliachia paa.

Jiko lolote jipya lijaribu siku tatu kabla vifaranga hawajapanda basi. Pima mkaa kwenye mizani ya duka la jirani, washa nje mpaka wote uwe mwekundu, ingiza ndani ukalipandishe juu ya matofali mawili na kulizungushia wavu, funika makaa kwa majivu unene wa kidole, acha mlango wa chini wazi robo. Weka kipimajoto chini, usawa wa mgongo wa kifaranga, hatua moja kutoka kwenye jiko. Andika kila saa. Usiku wa kwanza mimi hukesha kabisa, ninapika na chai. Unalotafuta ni mstari ulionyooka: 34, 33, 33, 32. Ukiona 39 saa tano na 26 saa tisa, jiko hilo lina pupa hata kama ni jipya na limepakwa rangi.

Vifaranga wakishafika, wao ndio kipimo. Wakitawanyika wakilala huku na kule, nenda kalale. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta upepo unaoingia upande wa pili.

Sasa jambo ambalo sitalipunguza hata neno. Jiko la mkaa linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua vifaranga na watu. Wengi huamini mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi umeshatakasika. Si kweli. Ile miali ya bluu unayoiona juu ya mkaa ndiyo sumu hiyo ikiungua. Miali ikitoweka, sumu inaendelea kutoka bila kuungua. Na sisi tunaofukia kwa majivu na kubana mlango tunaiongeza. Kwa hiyo chini ya paa langu, pande mbili zinazotazamana, nimeacha nafasi ya upana wa kiganja ambayo haizibwi hata kukiwa na ukungu, na dari yangu ya viroba imekatwa mbele ya nafasi hizo. Mkaa wa ziada unaokula kwa sababu hiyo ulipe tu. Ukienda kuwaangalia usiku, fungua mlango kwanza, subiri, ndipo uingie. Kichwa kikianza kugonga, toka. Wala usijilaze humo "dakika tano tu", na jiko hili lisihamie chumbani kwa watoto eti baridi imezidi.

Mkaa nao: chukua mzito, unaolia kama kigae ukigonganisha vipande viwili. Wa mwembe na mkorosho ni mwepesi, unafaa chai ya asubuhi. Vipande viwe vya ukubwa wa ngumi. Chenga zikijaa chini zinaziba matundu na moto unakufa ukiwa umeshiba.

Jirani yangu alinishauri maganda ya korosho, maana hapa kwetu ni bure. Yanawaka sana, lakini yana mafuta makali, yale yanayochubua vidole vya wabanguaji, na moshi wake unakata macho. Hayafai ndani. Jiko la maranda yaliyoshindiliwa ndani ya debe kuzunguka chupa hukaa saa nyingi kweli, ila linafuka. Nalo bila bomba la kutolea moshi nje liache kwa wapika pombe. Gesi? Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, bomba linaipeleka Dar, na mimi bado nahesabu mkaa. Mwenye uwezo wa mtungi na taa yake ya kulelea anunue, hana haja ya kusoma haya yote.

Ukizidi vifaranga 300, usitafute jiko kubwa zaidi. Nunua mawili ya kadiri, uyatenganishe. Moja likizima usiku, lingine linawashika mpaka uamke, na joto halirundikani sehemu moja. Mwaka jana la kushoto lilizima kweli, kipande cha chenga kiliziba matundu. Nilipoingia saa kumi na moja wote walikuwa wamehamia kulia, wamelala, mmoja amepanda juu ya chombo cha maji. Nikafukua majivu ya lile la kulia, nikatoa makaa mawili mekundu kwa koleo, nikayatumia kuwashia la kushoto.