Jinsi ya kukagua picha yenye sahihi ya askari wa anga wa Vita vya Pili

Jamaa mmoja alinitumia picha ya Guy Gibson, kamanda wa kikosi namba 617 cha Jeshi la Anga la Uingereza, akaniuliza kama bei inafaa. Sahihi ilikuwa ya markapeni nyeusi, nene. Gibson aliuawa Septemba 1944, na markapeni za namna ile hazikuwapo wakati wa uhai wake. Bei sikuitazama hata. Nilimwandikia hatua ninazofuata mwenyewe, na ndizo hizi.

1. Punguza uwanja. Anayekusanya kila rubani hujikuta na sanduku la takataka. Shika kikosi kimoja au ndege moja. Mimi nimeshika Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza ya watu saba, na nawapenda wapiga bunduki wa mkiani kuliko marubani mashuhuri. Bei zao ni nafuu, na mghushi hana faida kubwa ya kuwaghushi.

2. Tafuta siku ya kufa kabla ya kutazama sahihi. Waliokufa vitani utawapata bure kwenye orodha ya mtandaoni ya Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa ndege za mabomu za Uingereza, tazama pia orodha ya waliopotea ya International Bomber Command Centre, Lincoln. Kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na Bomber Command, kamandi ya ndege hizo, 55,573 walikufa, wengi wakiwa vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaomba sahihi. Kwa hiyo ukiona sahihi ya mmoja wao inauzwa, punguza mwendo.

3. Lenzi. Ya kukuza mara kumi inatosha. Laza picha, mulika taa kutoka ubavuni. Vitone vilivyojipanga ndani ya mistari ya sahihi maana yake imechapwa pamoja na picha. Wino halisi hutuama pale kalamu iliposimama, na bolpeni huacha mfereji. Mkono unaotetemeka usikutishe: mzee wa miaka 85 hutetemeka. Linganisha na sahihi yake ya umri uleule, si ya ujanani.

4. Tochi ya urujuanimno (UV). Hapa ndipo nilipoumia, basi nivumilie.

Karatasi nyingi za picha za kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka buluu chini ya tochi hii. Za wakati wa vita haziwaki. Nunua tochi ya nanomita 365. Zile za 395 zinazouzwa kila mahali sizitaki kabisa: zinatoa zambarau nyingi hadi unadhani kila kitu kinawaka. Zima taa zote, weka kando karatasi nyeupe ya printa kama kipimo, kisha mulika mbele, nyuma na kwenye kingo. Doa moja linalowaka laweza kuwa gundi ya albamu au sabuni tu. Tafuta mwako uliotanda picha nzima.

Sasa kosa langu. Nilipata picha ya vijana saba chini ya bawa la Lancaster, sahihi saba. Nikaimulika, ikawaka buluu kama taa ya disko. Nikamwandikia muuzaji maneno makali, nikairudisha. Wiki kadhaa baadaye ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikatafuta majina: wote saba walitoka vitani hai. Ilikuwa picha iliyosafishwa upya kutoka kwenye negativu, wakaisaini uzeeni. Nilimtafuta muuzaji usiku huohuo. Alikwisha kuiuza.

Mwako unakuambia umri wa karatasi, basi. Haukuambii nani alisaini. Ikiwaka, na mwenye sahihi alikufa 1943, mchezo umekwisha. Ikiwaka, na aliishi hadi 1990, endelea na lenzi. Isipowaka, usishangilie: kuna karatasi za baadaye zisizo na kemikali hiyo, na mghushi mjanja hununua picha kuukuu zisizo na sahihi akazisaini mwenyewe. Hapo uliza kalamu. Bolpeni zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945, kwa hiyo sahihi ya bolpeni yenye tarehe ya 1941 irudishe. Bila tarehe, bolpeni si kosa. Mzee angeweza kuitumia mwaka 1975.

5. Kuhifadhi. Mfuko wa poliesta, si wa plastiki ya PVC. Usiilaminishe, usiiguse kwa selotepu. Jina na kikosi viandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Ukutani tundika nakala; ya asili ikae gizani.