Dawa za viazi: nunua za msimu mmoja tu

Somo hili ni la vikundi vya Molo, Elburgon na Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, Kenya, vinavyonunua dawa kwa pamoja. Dawa nyingi zinazozeekea stooni chanzo chake ni hesabu mbovu wakati wa kununua, kwa hivyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

1. Piga hesabu kwa maji matupu

Pima mita 10 kwa 10 shambani. Jaza bomba la lita 20, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tazama maji yaliyotumika. Ikiwa ni lita 5, zidisha mara 40: ekari moja itakula lita 200, yaani mabomba 10. Lebo ikisema gramu 50 kwa bomba, mzunguko mmoja wa kupulizia ni nusu kilo, na mizunguko minne ni kilo 2. Sasa mwenye duka anakwambia pakiti ya kilo 5 ina nafuu. Nafuu gani, na kilo 3 zinabaki? Mvua ikizidi na ukalazimika kupulizia zaidi, utarudi dukani, agroveti hawahami.

Dawa ya bure nayo ipigiwe hesabu hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya dawa chakavu (zilizopitwa na muda) Afrika ilitokana na manunuzi ya kupita kiasi na misaada iliyozidi mahitaji, ikiwemo ile ya kupambana na nzige.

2. Dukani

Tafuta namba ya usajili ya PCPB (bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na magonjwa ya mimea), kifuniko kisichofunguliwa na tarehe ya kutengenezwa. Dawa nyingi hukaa takriban miaka miwili tangu siku hiyo, zikitunzwa vizuri. Mstari mwekundu kwenye lebo ni sumu kali zaidi. Ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, iache hapo hapo.

3. Stooni

Kufuli, hewa, paa lisilovuja. Dawa ya unga juu, ya maji chini, ili chupa ikivuja isilowanishe pakiti. Dawa ya magugu ikae kivyake, mbali na mbegu na chakula cha mifugo. Weka ndoo ya mchanga wa kufunika dawa ikimwagika. Kitabu kiandikwe tarehe ya kila dawa, na inayokaribia kuisha muda ndiyo itoke kwanza, hata kama iliyo mpya iko karibu na mlango.

4. Chupa tupu

Suuza mara tatu papo hapo unapochanganya: maji robo ya chupa, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba. Kisha itoboe. Usiisuuzie mtoni.

MASWALI

*Elburgon: Mwalimu, dawa yangu ya ukungu imepita muda miezi miwili, unga bado mzuri. Niongeze kipimo?*

Hapana. Macho hayapimi nguvu ya dawa, na kipimo kikizidi unaacha sumu zaidi kwenye mazao. Itenge, iandike, umwulize afisa wa kilimo wa wadi.

*Njoro: Dumu tukiliosha kwa sabuni na maji moto, si linafaa maziwa?*

Usithubutu, mama. Plastiki hunyonya sumu na sabuni haiitoi. Litoboe leo.

*Rongai: Marehemu mzee alituachia pipa la unga mweupe, halina lebo. Tuchome au tuzike?*

Pole, ndugu. Msifanye lolote kati ya hayo. Sumu kama hizi huteketezwa kwenye tanuri maalumu lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100. Moto wa shambani haufiki huko, na moshi wake unaweza kuwa na dioksini, ambayo ni sumu nyingine. Mkizika, mnaitafutia njia ya kwenda kisimani. Huenda ni DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu iliyopigwa marufuku kwenye kilimo nchini mwaka 1986, au ni kitu kingine kabisa. Msifungue wala kunusa ili kujua. Andikeni "SUMU" pembeni, mfunge chumba, kisha mpeleke taarifa kwa afisa wa kilimo, ambaye ataifikisha PCPB na NEMA (mamlaka ya mazingira). Kama limeshika kutu na linavuja, msilihamishe. Zungushieni mchanga na mwite afisa siku hiyo hiyo.