Kabla ya Kuwasha Mashine ya Kung'arisha Mawe: Maandalizi ya Kudhibiti Vumbi

Watu wanaokuja kuniuliza habari za kufungua karakana ya mawe huanza na bei ya mashine, kisha bei ya mabamba ya graniti yanayopandishwa kutoka Mombasa kupitia Malaba, kisha wateja. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii hapa Tororo, Uganda, ni mmoja tu aliyeuliza kuhusu vumbi, naye aliuliza kwa sababu jirani yake alikuwa ameanza kulalamika. Ninayoandika hapa yafanywe kabla sakafu haijamwagwa zege na kabla kijana wa kwanza hajaajiriwa, kwa kuwa mengi kati yake ni ghali kuyarekebisha baadaye, na moja halirekebishiki kabisa.

Kwanza lijue jiwe lako. Hatari kubwa ya vumbi la mawe imo katika silika, madini yale yale yaliyojaa katika mchanga wa mtoni. Marumaru, kama ile inayochimbwa Moroto, kwa kawaida huwa na silika kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 5. Graniti huwa na kiasi cha asilimia 20 hadi 45 hivi. Mabamba ya kiwandani, yanayotengenezwa kwa kwatzi, yaani jiwe ambalo karibu lote ni silika, iliyosagwa na kushikamanishwa kwa gundi, ambayo wateja huyapenda kwa kaunta za jikoni kwa sababu rangi yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, yanaweza kuzidi asilimia 90. Australia imeyapiga marufuku tangu tarehe 1 Julai 2024, baada ya mafundi wengi, wakiwemo vijana, kuharibika mapafu. Sokoni kwetu kila kinachong'aa huitwa marumaru au graniti, kwa hiyo usiridhike na jina alilokutajia muuzaji. Mwulize bamba limetengenezwa kwa kitu gani, na akishindwa kujibu, lichukulie kuwa ndilo baya kuliko yote.

Pili, usilipime vumbi kwa macho. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile zisizozidi maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hasa zilizo chini ya 4, ilhali unywele mmoja wa mtu una upana wa maikroni 70 hivi. Kikomo ambacho Marekani ilikiweka mwaka 2016 ni maikrogramu 50 (maikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za silika kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa katika zamu ya saa 8, na kiasi hicho hakuna jicho linaloweza kukiona mchana. Kama huna kipimo, na wengi wetu hatuna, subiri giza liingie, zima taa, mwache fundi aendelee kung'arisha, kisha washa tochi kali upande wa pili wa mashine na uutazame mwali wake kwa mshazari. Ukiona kitu kama moshi kinaelea ndani ya mwali huo, karakana yako haijawa tayari. Usipokiona, usishangilie bado. Zile chembe ndogo zaidi huenda zimo.

Maji yawe mengi kuliko unavyodhani. Jerikeni ya lita 20 haifikishi saa moja kwenye mashine moja inayolowanishwa ipasavyo, na bomba la mtaani hukauka siku ambayo mteja anasubiri kaunta yake. Inua tangi juu ya jukwaa ili maji yateremke yenyewe bila kutegemea pampu, na weka sheria isiyojadiliwa kwamba maji hufunguliwa kabla pedi ya kung'arishia haijagusa jiwe, na yakiisha kazi inasimama. Tundu la sinki likatwe karakanani, ambako maji yapo, wala si nyumbani kwa mteja kwa grenda kavu huku mama wa nyumba akipika chumba cha pili. Ukiyarudisha maji yaliyotumika, yaache yatulie kwanza, kwa sababu maji machafu yakirushwa na pedi hugeuka ukungu wenye silika ile ile.

Kuhusu umeme nasema kwa ufupi, maana kila fundi analijua: swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, nyaya zisiguse sakafu, na kama uwezo upo, mashine za mkononi zinazoendeshwa kwa hewa.

Sasa nifike kwenye jambo nililojifunza kwa gharama aliyoilipa mtu mwingine.

Katika miaka ya mwanzo niliamini kwamba nimelimaliza suala la vumbi. Mashine zangu zote zilikuwa za maji, na wageni walipofika niliwaonyesha kwa fahari kwamba hakuna wingu jeupe kama walilolizoea kwingine. Mtoto wa dada yangu mkubwa alikuja kwangu alipomaliza kidato cha nne. Sikumpa mashine, kwa sababu nilitaka aanze na kazi nyepesi, nikampa usafi. Kila asubuhi kabla mafundi hawajafika alifagia sakafu, na kila jioni alichukua mpira wa kompresa akapuliza mashine, mabenchi na rafu, na mwishowe akajipuliza mwenyewe kuanzia mabegani hadi viatuni.

Tope lililomwagika mchana lilikuwa likikauka usiku. Januari na Februari, upepo unapokuwa mkavu, asubuhi lilikuwa unga mweupe laini kama unga wa muhogo, na juu ya meza ya risiti ungeweza kuandika jina lako kwa kidole. Nilipofika saa mbili nilimkuta amemaliza, milango iko wazi, sakafu inapendeza, nyusi zake na vinyweleo vya mikono vimekuwa vyeupe, na kikombe chake cha chai amekifunika kwa sahani. Chai aliikinga, mapafu yake hakuna aliyeyakinga. Siku moja nilimwambia afunge walau kitambaa puani. Akacheka, akasema, “Mjomba, mimi sishiki mashine. Vumbi la mawe linampata anayesaga.” Sikumbishia, kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo nilivyoamini.

Mwaka wa sita akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kisha pumzi ikawa fupi. Jerikeni mbili za maji kutoka bombani, umbali wa hatua hamsini hivi, alizitua chini mara mbili njiani. Tulinunua dawa za kikohozi. Kwenye kituo cha afya walipima makohozi wakitafuta kifua kikuu, hawakukiona, akapewa dawa nyingine, na miezi ikapita. Ndipo daktari wa hospitali nyingine, akiwa ameinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: “Unafanya kazi gani?” Akajibiwa kwamba ni kazi ya usafi. Daktari hakuishia hapo. “Usafi wa wapi?”

Sehemu za juu za mapafu yote mawili zilikuwa na madoa madogo madogo, kama punje za ulezi zilizomwagika kwenye jamvi. Daktari alitueleza kuwa ugonjwa huo huitwa silikosisi. Chembe zikishafika ndani hazitoki. Mwili hujaribu kuzimeng'enya, hushindwa, hujenga kovu, na penye kovu hewa haipiti. Hakuna dawa inayoliondoa kovu hilo, nalo huweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo vipimo vile vya makohozi ilibidi viwe vikirudiwa. Njiani kurudi, dada yangu aliniuliza jambo moja tu: mbona mafundi wangu wa mashine hawakohoi? Siku hiyo sikuwa na jibu. Ninalo sasa. Wao walilishika jiwe likiwa limelowa, naye peke yake alilishika likiwa limekauka. Leo anachaji simu za watu kwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, na akipanda ule mwinuko wa kwenda nyumbani husimama katikati.

Kwa hiyo ufagio mkavu usiingie karakanani mwako, na mpira wa kompresa usipulize benchi wala nguo, hata mara moja, hata mwisho wa wiki. Jenga sakafu yenye mteremko unaoelekea kwenye mfereji, na mfereji uingie kwenye mashimo matatu yanayofuatana, ili tope lizame katika la kwanza na la pili, na maji yaliyotulia yatoke katika la tatu. Sakafu ioshwe kabla ya watu kuondoka, tope likiwa bado bichi, kwa maji na kisukumio cha mpira. Mashimo yazolewe tope likiwa na unyevu, litiwe kwenye mifuko isiyovuja na kufungwa mdomo. Lisirundikwe nje ukutani likauke na kuchukuliwa na upepo. Kwa pembe ambazo maji hayafai, kama karibu na swichi, nunua mashine ya kufyonza yenye kichujio kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, ile ya kawaida ya nyumbani hufyonza upande mmoja na kulitema vumbi upande wa pili. Nguo za kazi zibaki karakanani na zifuliwe huko, ili mtu asimbebe mtoto wake akiwa na zamu nzima kifuani.

Barakoa nimeiweka baadaye kwa makusudi, kwa sababu wengi huianza na kuishia hapo hapo. Kitambaa hakifai, wala ile ya hospitali ya buluu. Tafuta ya daraja la N95 au FFP2 kwenda juu, inayogusa ngozi pande zote. Ndevu huiacha wazi pembeni, na kwa fundi asiyenyoa kwa sababu za dini, nunua kofia inayopuliziwa hewa iliyochujwa. Usimwambie achague kati ya dini na mapafu. Usimkate mshahara kwa vifaa hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi wake, na inataka pia mahali pa kazi pasajiliwe.

Kabla hujamwajiri mtu, mpeleke akapigwe picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu, na picha hiyo itunzwe, ili ya miaka inayofuata iwe na cha kulinganishwa nacho. Akienda hospitali kwa kikohozi chochote, mfundishe aanze kwa kusema, “Nafanya kazi kwenye vumbi la mawe,” bila kusubiri kuulizwa, na kibarua wa usafi aseme hivyo hivyo.

Mengine ni ya kawaida, lakini yafanyike. Watu wasile mahali pa kazi. Feni isielekezwe kwenye benchi ikalisukuma vumbi la mmoja usoni mwa mwingine. Sigara zikomeshwe, kwani mapafu ya mfanyakazi wa mawe tayari yana mzigo. Watoto wanaoleta maandazi wahudumiwe langoni. Na angalia upepo unakoelekea mchana kabla hujaamua mlango uwe upande gani. Ukikuta kuna mama anayekaanga chapati upande huo, zungumza naye mapema, ahamishe jiko lake au wewe uhamishe mlango.