Kusubu chetezo chenye umbo la simba kwa njia ya nta

Katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, yupo simba wa shaba nyeusi ambaye kazi yake ilikuwa kufukiza. Alitengenezwa na fundi Ja'far bin Muhammad bin Ali huko Taybad, katika Khurasan ya Iran, mwaka 577 Hijria, sawa na 1181 au 1182 Miladia, kwa ajili ya amiri ambaye jina lake limechorwa mwilini mwa mnyama huyo. Kichwa chake huondolewa ili makaa na uvumba viingie, na moshi hutokea kwenye nakshi zilizotobolewa shingoni na kiwiliwilini. Hapa nitaeleza jinsi ninavyosubu, yaani ninavyomimina shaba iliyoyeyushwa katika nafasi iliyoachwa na nta, chetezo kidogo cha mtindo huo, chenye urefu wa sentimita 18, kwa vifaa ambavyo karakana ya kawaida ya shaba inavyo.

Hatua ya kwanza: kuuchora moshi kabla ya simba. Makosa mengi hufanyika hapa, kwa sababu fundi huanza na sura ya mnyama na kuyakumbuka matundu baadaye. Chora pipa lililolala, uweke kisahani cha makaa ndani yake, kisha ujiulize hewa itaingilia wapi. Chetezo changu cha kwanza kilikuwa na matundu mgongoni peke yake. Kilipendeza machoni, lakini makaa yalizimika kabla udi haujashika moto. Tangu siku hiyo hutoboa kifuani na ubavuni, chini ya usawa wa kisahani, ili hewa ipande kupitia kwenye makaa, ndipo nikayapanga matundu ya moshi shingoni na mgongoni. Miguu iwe minene na iliyonyooka kama nguzo, kwani chombo chenye moto hakitakiwi kuyumba. Usihangaike kuiga manyoya, maana mafundi wa Khurasan waliijaza ngozi ya simba wao majani ya nakshi na maandishi, na hakuna aliyemtazama akashindwa kumtambua.

Hatua ya pili: kiini. Changanya udongo wa mfinyanzi na samadi kavu iliyochekechwa pamoja na pumba laini za mpunga, ufinyange kiwiliwili kikiwa kidogo kuliko umbo la mwisho kwa unene wa shaba utakayomimina. Kiini hiki ndicho kitakachoacha uwazi ndani. Kikaushe kivulini kwa juma zima. Jua kali hukipasua.

Hatua ya tatu: nta. Lainisha nta ya nyuki katika maji ya uvuguvugu, uitandaze iwe na unene wa milimita 3 au 4, kisha ukivishe kiini. Kichwa kitengenezwe peke yake, pamoja na ukingo utakaoingia ndani ya shingo kama kifuniko cha bakuli. Sasa toboa nakshi kwa kisu chembamba, mpaka udongo wa kiini uonekane katika kila tundu. Kutoboa nta ni rahisi kuliko kutoboa shaba, lakini faida kubwa ni nyingine: katika kila tundu, kalibu ya nje, yaani ganda la udongo litakaloifunika nta, itashikana na kiini, nacho hakitasogea nta itakapoyeyuka. Pale pasipo na nakshi, kama tumboni, penyeza misumari myembamba ya chuma hadi ndani ya kiini, ukiacha vichwa vyake nje vishikwe na kalibu. Nta uwe umeipima uzito kabla ya kukivisha kiini, na ukishakata nakshi, pima vipande vilivyotoka uviondoe katika hesabu. Kila gramu 100 za nta zitadai takriban kilo 1 ya shaba.

Hatua ya nne: mifereji na kalibu. Mgeuze simba miguu juu. Unganisha mfereji wa nta kwenye kila wayo, ikutane yote kwenye faneli moja, na uongeze vijiti vyembamba vya nta vya kutolea hewa. Pakaza udongo laini kama uji kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, kisha udongo mzito wenye pumba.

Hatua ya tano: kuyeyusha na kumimina. Kalibu ikikauka kabisa, iinamishe mdomo chini juu ya moto wa taratibu ili nta itoke, halafu ichome mpaka iwe nyekundu. Unyevunyevu ukibaki, shaba itarushwa nje kwa kishindo, kwa hiyo usimimine bila miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Ninatumia shaba nyekundu asilimia 90 na bati asilimia 10. Mafundi wa zamani waliongeza metali ya risasi mara nyingi ili mchanganyiko utiririke vizuri, lakini kwa chombo kitakachopashwa moto ndani ya nyumba, mimi siiweki kabisa. Mimina kwenye nyuzijoto 1,100 za Selsiasi hivi, kwa mkondo mmoja usiokatika. Katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, kuna birika la umbo la ng'ombe anayenyonyesha ndama huku simba akimng'ang'ania mgongoni, la mwaka 603 Hijria (1206), na maandishi yake ya Kiajemi yanatamba kwamba wote 3 walisubiwa kwa mara moja. Aliyewahi kuona mguu mmoja umekosa kujaa atamsamehe fundi huyo majivuno yake.

Hatua ya sita: usafishaji na maandishi. Vunja kalibu ikiwa imepoa, kata mifereji kwa msumeno, ng'oa misumari na uzibe nafasi zake kwa vipande vya shaba. Kiini kitoe kwa waya kupitia shingoni. Baada ya tupa na msasa, chora maandishi kwa patasi ndogo. Khati ya Kufi, mtindo wa kale wa mwandiko wa Kiarabu, inafaa zaidi kwa sababu mistari yake iliyonyooka huifuata patasi bila ugomvi, na neno la baraka kwa mwenye chombo ndilo lililozoeleka.

Mwishowe weka makaa 2 yaliyokolea na kipande cha udi, rudisha kichwa, usubiri dakika 5. Moshi ukianzia kifuani badala ya shingoni, panua matundu ya juu kwa tupa ya mviringo, kidogo kidogo, ukijaribu tena kila baada ya kuyagusa.