Kabla hujashuka mgodi wa chumvi wa Wieliczka: kwa wenzangu wa Dodoma mnaokwenda hija Poland

Kikundi chetu kilipokwenda hija Poland, kila mtu alijiandaa kwa ajili ya Łagiewniki, penye madhabahu ya Huruma ya Mungu, na Częstochowa, penye picha ya Bikira Maria. Wieliczka, mgodi wa chumvi ulio kama kilomita 14 kutoka Kraków, tuliuona kwenye ratiba kama mahali pa kupita tu kabla ya chakula cha mchana. Kumbe ndiko tulikotokwa jasho, na ndiko ambako mimi binafsi natamani kurudi. Nawaandikia ninyi mnaofuata, hasa mama zangu na baba zangu mliokwishavuka miaka sitini.

Anzeni na magoti. Kwenye njia ya kawaida ya wageni mnaingia kwa miguu, ngazi 380 hivi za mbao, mpaka kina cha mita 64. Ni sawa na kushuka jengo la ghorofa ishirini. Ngazi zimepangwa vipande vifupi: unashuka hatua chache, unageuka, unashuka, unageuka tena, na ukichungulia katikati huoni mwisho. Mama mmoja wa kwetu alitoa rozari, akawa anasali Salamu Maria moja kila anapogeuka. Matendo yote matano ya rozari, yaani Salamu Maria hamsini, yaliisha, na bado zilibaki ngazi za kufika chini.

Na huo ni mwanzo tu. Njia nzima ina ngazi zipatazo 800 na urefu wa kilomita tatu na nusu hivi, inafika kina cha mita 135, na inachukua saa mbili hadi tatu. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, kwa hiyo mazoezi ya kutembea barabara tambarare hayatoshi. Mwezi mmoja kabla ya safari, tafuteni ngazi za jengo la ghorofa, au pandeni vilima vya mawe vilivyouzunguka mji wetu, kisha mshuke polepole. Mwenye goti bovu asione haya: amwambie kiongozi wa safari mapema, aulizie utaratibu wa lifti kabla tiketi hazijakatwa. Kule chini mnatembea na mwongozaji kwa muda uliopangwa, na kugeuza peke yako katikati ya njia si jambo rahisi.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Joto chini ni nyuzi 17 hadi 18 mwaka mzima, kwa hiyo sweta ile ya asubuhi za Julai hapa Dodoma inatosha, hata kama juu ni kiangazi. Begi liwe dogo, lisizidi sentimita 35 kwa 20 kwa 20. Nendeni chooni kabla ya kushuka.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Poland, ombeni mapema. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi. Ubalozi wa Poland uko Dar es Salaam. Kwa treni ya SGR siku hizi si safari ya kuogopesha.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nami nawaambia: msitegemee weupe. Nilitarajia kuta zinazong'aa kama chumvi ya pakiti. Nilikuta mwamba wa kijivu, mahali pengine unaelekea kijani, mithili ya mawe yetu ya hapa nyumbani. Nilipapasa ukuta bila kuamini, nikagusisha kidole ulimini. Ni chumvi tupu! Sakafu tuliyoikanyaga na ngazi nyingine zilizochongwa mwambani, vyote chumvi.

Yafaa pia mjue historia yake kidogo, maana inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kabla watu wa pale hawajachimba mashimo katika karne ya 13, walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi mpaka yakauke, kazi iliyoanza maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Bibi zetu upande wa Bahi, hapa kwetu Dodoma, nao walikwangua udongo wa mbuga, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji yale. Mwongozaji alipotuonyesha sanamu za watu wakichochea moto chini ya vyungu, mzee mmoja wa Bahi aliyekuwa nasi alisogea mbele akasimama pale muda mrefu, mpaka akaitwa.

Kisha kuna Kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini ya ardhi. Jina hilo sikio la Mswahili linalipokea bila mwalimu. Alikuwa binti wa mfalme wa Hungaria, na wanasimulia kwamba pete aliyoitupa katika mgodi wa kwao ilipatikana ndani ya donge la kwanza la chumvi Wieliczka. Wachimbaji wenyewe walianza kulichonga mwaka 1896: altare, Karamu ya Mwisho ukutani, hata taa kubwa zinazoning'inia zina vipande vya chumvi. Ipo na sanamu ya Papa Yohane Paulo II, aliyemtangaza Kinga mtakatifu Juni 1999, na ambaye sisi tulimpokea Tanzania Septemba 1990. Fikeni mmevaa kwa heshima, kitenge kinatosha. Muombeni mwongozaji awape dakika chache za kukaa kimya, maana vikundi vinasukumana na mtajuta mkipita mbio kama sisi.

Kurudi juu ni kwa lifti ya wachimbaji: nyembamba, yenye giza, watu wanabanana bega kwa bega, na inakwenda kasi. Anayeogopa mahali padogo asimame katikati ya watu anaowafahamu, ashikwe mkono. Ni chini ya dakika moja. Sisi tulipanda tukiimba, na mlango ulipofunguka juu bado hatujamaliza ubeti wa kwanza.