Jinsi ya kutoa utomvu wa miti kwenye gari bila kuumiza rangi

Ukikuta matone ya utomvu kwenye boneti, kucha zako ziache mfukoni. Wengi wanaoniletea magari huwa wameshaanza kukwangua: tone limebanduka kweli, lakini pale lilipokuwa pamebaki mchoro mweupe ambao haukuwepo. Kutoa mchoro ule kunanichukua muda mrefu kuliko ambavyo ningetumia kutoa utomvu wenyewe.

Juu ya rangi ya gari kuna tabaka angavu ambalo sisi mafundi tunaliita klia. Kwenye rangi ya kiwandani huwa lina unene wa kama mikroni 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele mmoja. Ndiyo maana utomvu huyeyushwa, haukwanguliwi.

Kwanza ujue ni utomvu gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda, maana kinachoyeyusha huu hakigusi ule.

Vitone vidogo vinavyonata, vimetapakaa gari zima kama limenyunyiziwa sharubati, mara nyingi si utomvu. Ni uchafu mtamu wa vidukari wanaofyonza majani juu yako. Ni sukari tu, maji ya uvuguvugu na shampuu ya magari vinamaliza. Gundi ya migunga nayo hulainika kwa maji, ukiwa na subira.

Matone ya rangi ya dhahabu au kahawia, magumu na yenye harufu kali, ni ya msonobari na jamaa zake. Hayo hayasikii maji, yanataka spiriti. Halafu kuna ulimbo mweupe wa mfenesi au mkuyu, ambao ukikauka unavutika kama mpira, kwa sababu ndani yake mna mpira hasa. Spiriti haiufanyi kitu cha maana. Huo unataka mafuta.

Hatua ya 1: Osha gari lote

Liweke kivulini, bodi ipoe kabisa. Osha kwa shampuu, suuza, kausha. Usiruke hatua hii hata kama tone ni moja, kwa sababu vumbi lililobaki chini ya kitambaa chako ni msasa.

Hatua ya 2: Anza na maji ya moto

Chovya kitambaa cha maikrofaiba kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia. Kiweke juu ya tone, kiache dakika 3 hadi 5, kichovye tena, rudia. Utomvu wa jana au juzi mara nyingi huondoka hapa hapa. Maji yanayochemka usiyamwage juu ya gari. Kioo kilichopoa kinaweza kupasuka.

Hatua ya 3: Jaribu spiriti mahali pasipoonekana

Tumia spiriti isiyo na rangi, au alkoholi ya asilimia 70 ya kusafishia ngozi. Paka kidogo ndani ya ukingo wa mlango, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheupe, endelea. Kikitoka na rangi ya gari, au pale ulipopaka pamefifia, acha.

Nasisitiza kwa sababu yalinikuta. Niliwahi kufuta tone kwenye bampa jekundu bila kujaribu kwanza, nikiamini rangi ni ya kiwandani. Kumbe bampa lilikuwa limepulizwa upya kwa rangi ya bei rahisi, na kitambaa kikatoka chekundu. Nililipia kulipuliza tena. Gari lililopakwa rangi wiki chache zilizopita nalo lisiguswe na spiriti: juu inaonekana imekauka, ndani bado.

Thina na petroli hata usivifikirie. Thina inalainisha klia na kula plastiki, na petroli inakutafutia moto. Spiriti nayo inawaka, kwa hiyo fanyia kazi nje, mbali na sigara na injini iliyochemka.

Hatua ya 4: Acha spiriti ifanye kazi

Lowesha kipande cha kitambaa, kibandike juu ya tone, hesabu sekunde 30 hadi 60. Usisugue. Kinyanyue, kisha futa taratibu kwa upande mmoja, bila kuzungusha, ukigeuza upande safi kila mara. Utomvu ulioyeyuka ukiuburuta na kitambaa kilekile, unaupaka sehemu nyingine. Tone nene litaondoka tabaka kwa tabaka, labda mara 4 au 5. Ukijikuta unakaza mkono, jua umeharakisha: ongeza spiriti, subiri tena.

Kama uso umesimama, mfano mlangoni, na spiriti inachuruzika, jeli ya kutakasia mikono inasaidia kwa kuwa inakaa pale ulipoiweka.

Kwa ulimbo, badala ya spiriti paka mafuta mepesi, hata ya kupikia. Yaache dakika kumi, uviringishe ulimbo kwa ncha ya kidole hadi ubanduke, kisha osha grisi yote kwa sabuni.

Hatua ya 5: Suuza na upake waksi

Spiriti huondoka na waksi iliyokuwepo. Osha sehemu uliyoishughulikia, kausha, paka waksi mpya. Ukipitisha kidole na kuhisi bado panakwaruza kidogo, pitisha kwanza udongo laini wa kusafishia rangi za magari pamoja na maji ya shampuu ya kutelezesha. Udongo huo ukianguka chini, utupe, mchanga ulioshika hautoki tena.

Ukibaki mviringo hafifu unaoonekana tu juani, utomvu umeshaila klia. Hapo dawa ni polishi, na kama hujawahi kupiga polishi, mpe fundi.

Vioo ni rahisi zaidi. Lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe mpya kwa pembe ya kama digrii 45, sukuma mbele tu bila kurudi nyuma. Wembe huo usikaribie taa za mbele, nyingi ni plastiki. Na kabla hujawasha waipa, futa mipira yake kwa spiriti, la sivyo itaupaka utomvu uleule kwenye kioo ulichotoka kukisafisha.